Ng'ombe wa bibi alijuaje kwamba mkamuaji si bibi?

Mjukuu wa Zizini anauliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nina swali nililokaa nalo tangu nikiwa na miaka 10, na kwa kuwa humu kuna watu waliokulia shambani nimeona nililete kwenu.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Madoa, mwekundu mwenye mabaka meupe ubavuni na pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni. Bibi alimkamua alfajiri na jioni, na kazi yangu ilikuwa kushika taa na kufukuza inzi kwa kitambaa, kwa hiyo niliona kila kitu kwa karibu. Bibi aliingia bandani akiimba puani, wimbo usio na maneno. Alimpapasa Madoa kuanzia begani hadi kiunoni, ndipo akakaa. Aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akakikausha, akatulia kidogo, kisha akaanza. Ndoo ilikuwa ya bati. Hata ukifumba macho ungejua maziwa yamefika wapi: mwanzoni yanapiga chini ya ndoo kwa mlio mwembamba, mkali, povu likishapanda mlio unazama, unakuwa mzito, kama mtu anachana nguo kuukuu chumba cha pili.

Siku moja bibi aliteleza kisimani akavunjika mkono wa kulia. Mama alikuwa akifanya kazi mbali, nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Nikakabidhiwa ndoo. Jioni ya kwanza nilipata maziwa yasiyofika robo, wakati bibi alizoea kuvuka nusu. Asubuhi yake yakapungua tena. Madoa alikaza miguu ya nyuma, mkia unachapa huku na huku, kiwele kimejaa na kimekuwa kigumu, lakini chuchu zinatoa vitone tu. Nililia pale pale nimeegemeza paji la uso kwenye ubavu wake.

Jioni ya pili bibi alikuja mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Akasimama mlangoni mwa banda akanitazama bila neno. Akarudi ndani, akatoka na koti lake la kazi, lile la kahawia lenye mfuko uliochanika, akanivika. Lilinifika magotini. Akachukua kigoda changu cha miguu mitatu akaondoka nacho, akanipindulia ndoo mbovu nikalie hiyo. Kisha akasema: "Usimguse kwanza. Mwimbie mpaka masikio yalegee."

Nikaimba. Masikio yakalegea kweli, moja kwanza, halafu la pili. Nikaosha kiwele, nikasubiri, nikakamua. Yalivuka nusu ya ndoo.

Bibi hayupo tena. Binti yangu sasa ana miaka 10, na wiki iliyopita nilikuwa namsimulia haya kabla hajalala. Nilipofika kwenye koti akaniuliza, "Mama, ng'ombe alijuaje?" Nikakosa jibu. Je, ni koti? Ni wimbo? Au ni mikono yangu tu ilikuwa imeanza kuzoea? Na kama kuna jambo mlilofundishwa shambani mkiwa wadogo, mkaja kujua sababu yake ukubwani, naomba mliseme hapa. Nataka kumsomea.

---

Mkamuaji anajibu:

Dada, bibi yako alijua kazi. Mimi nimekamua tangu nikiwa na miaka 8 na baadaye nikasomea mifugo, kwa hiyo nitakujibu kwa yote mawili.

Maziwa hayakai kwenye kiwele kama maji kwenye mtungi. Sehemu ndogo tu, takriban moja ya tano, ndiyo iliyokwisha kushuka kwenye uwazi ulio juu ya chuchu. Hiyo unaweza kuitoa hata ng'ombe akiwa amekununia. Yaliyobaki yamo juu, ndani ya vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hayashuki mpaka ng'ombe mwenyewe ayaachie. Chuchu zikiguswa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi iliyo chini ya ubongo humwaga kwenye damu homoni iitwayo oksitosini. Ikifika kwenye kiwele, vifuko vile hubanwa na maziwa hushuka. Hii huchukua kama dakika moja au mbili. Ndiyo maana bibi alitulia kabla ya kuanza. Hakuwa anapumzika.

Sasa, ng'ombe akiogopa au akiumia, mwili wake hutoa adrenalini, na adrenalini huzuia kazi yote hiyo. Ndicho tunachokiita "kubana maziwa". Wengi hudhani ng'ombe anabana kwa ukaidi. Mwili wake ndio umefunga, hata kama angetaka kukupa. Ile robo uliyoipata jioni ya kwanza, kwa maelezo yako, ni ile sehemu iliyokuwa tayari chini. Ya juu hukuigusa kabisa.

Kuhusu koti: ng'ombe hutofautisha watu. Anatumia sura, umbo, mavazi, sauti, na pua yake ni kali kuliko yetu kwa mbali. Koti la miaka, lenye jasho la bibi na harufu ya maziwa ya kila siku, kwake ni tangazo kwamba kinachokuja ni kile kile cha jana na juzi. Wimbo nao ni hivyo hivyo. Ng'ombe anapenda kujua kinachofuata. Na masikio kulegea ni dalili ya kweli kabisa, mimi mpaka leo nayatazama masikio kabla ya kutazama kiwele.

Langu nililolijua ukubwani ni hili. Baba alinikataza kuacha maziwa ya mwisho kiweleni. "Kamua mpaka aishe," alisema kila jioni. Mimi nilitaka kuwahi mpira, nikawa namwachia ng'ombe vikombe viwili, vitatu, nikidhani atayaweka akiba mpaka asubuhi. Ndani ya wiki chache akashuka maziwa, na mwaka ule akakauka mapema. Baba hakujua sababu. Nilipofika darasani nikafundishwa kwamba maziwa yakibaki kiweleni, kiwele hupokea habari kwamba hayahitajiki na kupunguza kutengeneza. Tena yale ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote. Nilikuwa nawanyima wadogo zangu sehemu iliyo bora, kila siku, kwa ajili ya mpira. Nilimwambia baba nikiwa na miaka 31. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mpira wenyewe tulishinda.

Swali langu kwako: jioni ya kwanza ilikuwaje? Kutoka robo kushuka zaidi asubuhi yake, na mkia kuchapa vile, hiyo si hali ya ng'ombe aliyemkosa tu bibi. Kuna kitu kilimtisha?

---

Mikono Miwili anajibu:

Nakubaliana na Mkamuaji kuhusu hofu, ila naona watu wanaruka jambo la kwanza. Mtoto wa miaka 10 ambaye kazi yake ilikuwa kushika taa hajui kukamua. Kutazama na kufanya ni vitu viwili. Dada, ulikuwa unavuta chuchu au unakamua?

Nauliza kwa sababu karibu kila mtoto huanza kwa kuvuta kwenda chini. Inamuumiza ng'ombe na maziwa hayatoki, kwa kuwa ukivuta bila kufunga juu, maziwa yanarudi kiweleni. Namna yenyewe ni kuifunga chuchu juu kabisa, inapokutana na kiwele, kwa kidole gumba na cha shahada. Hapo umeyafungia maziwa ndani ya chuchu. Kisha unakunja cha kati, cha pete, cha mwisho, kimoja baada ya kingine, yakose pa kwenda isipokuwa chini. Unafungua mkono, chuchu inajaa tena. Mkono hausogei kwenda popote, vidole tu ndivyo vinavyofanya kazi.

Mimi sikufundishwa kwa ng'ombe. Shangazi alichukua glavu ya mpira, akaijaza maji, akaifunga juu, akatoboa ncha ya kidole kimoja kwa sindano, akaitundika kwenye msumari ukutani. "Siku utakayoweza kulenga kikombe, utakuja bandani." Ilinichukua siku nne. Siku ya kwanza nilivuta mpaka glavu ikang'oka kwenye msumari ikanimwagikia yote, na shangazi akasema, "Unaona? Huyo angekuwa ng'ombe angekupiga teke, na angekuwa na haki." Vidole vyangu viwili vya mwisho viliuma usiku, vile ambavyo hakuna kazi nyingine inayovitumia. Ukimwona mtu anayesema alikua akikamua, mwulize maumivu yalikuwa wapi. Akikuambia begani, hajakamua.

---

Mjukuu wa Zizini anajibu:

Nilikuwa navuta. Nimesoma maelezo yako huku nakunja vidole hewani na mkono umekumbuka wenyewe. Bibi alinionyesha ile jioni ya pili, kwa mkono wake wa kushoto, kwenye kidole changu gumba. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alikikamua kidole changu!

Mkamuaji, swali lako nimeliona. Nitalijibu. Nipe muda.

---

Mama Vifaranga anajibu:

Mimi sikuwa na ng'ombe, nilikuwa na kuku, na langu lingali linaniuma.

Mama alipomwekea kuku mayai ya kuatamia alichora kila yai alama ya mkaa. Nilidhani ni pambo, nikawa naongeza nyota na maua. Kumbe kuku wengine huingia kwenye kiota wakataga juu ya yale yaliyokwisha kuanza, na bila alama huwezi kujua lipi ni la leo. Mayai yasipoanza siku moja hayaanguliwi siku moja, na kuku hushuka kiotani na vifaranga vya kwanza akayaacha yaliyochelewa. Usiku wa saba mama aliyapima kwa taa, kila yai limefumbatwa kiganjani, mwanga unapita nyuma yake. Lililo hai lina doa jeusi na vimishipa vyekundu vilivyotapakaa kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linapitisha mwanga wote. Nilipewa nishike moja lililo hai, nikaona lile doa likitikisika. Nilikuwa na miaka 6, na mpaka leo sijaona kitu kilichonistaajabisha kuliko hicho.

Siku 21. Mama alihesabu kwa mafundo kwenye uzi, na alinikataza jambo moja tu: siku ya kuanguliwa usiguse.

Siku ya 20 usiku tulivisikia vinalia ndani ya maganda, na mama yao anavijibu kwa sauti ya chini ambayo haitoi wakati mwingine wowote. Asubuhi yai moja lilikuwa na tundu dogo na ncha ya mdomo inaonekana. Niliingia saa baada ya saa, tundu ni lile lile. Nikaona kifaranga kinateseka. Mama alipokwenda shambani nikakisaidia. Nilibandua ganda kipande kipande kwa ukucha, kwa upole wote niliokuwa nao. Utando wa ndani ulipochanika ikatoka damu. Nikaendelea, nikidhani nikimaliza haraka kitapona. Kilitoka na kiini cha yai kikiwa nusu nje ya tumbo, kikafa kiganjani mwangu kabla mama hajarudi.

Nilichojua baadaye: kifaranga kikishatoboa ganda hutulia kwa saa nyingi, hata siku nzima, na ule utulivu una kazi. Damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa ndani ya tumbo kiwe chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo. Kutoka nje mapema ni kutoka bila damu yako na bila chakula chako.

Mama hakunipiga. Alikizika chini ya mti nyuma ya banda, akaniita nikae naye mbele ya kiota mpaka vingine vikatoka, mikono yangu yote miwili ndani ya mikono yake. Mwambie binti yako kwamba vilitoka tisa.

---

Niliondoka Mapema anajibu:

Nimesoma yote haya na nimeguswa, lakini naomba nami niseme langu, kwa sababu watu tukizeeka tunalipaka shamba asali.

Mimi sikulipenda. Niliamshwa giza bado, umande ukawa barafu ya vifundoni, nikachota maji mara nne kabla ya shule. Msimu wa palizi nilikosa shule wiki nzima, wakati mwingine mbili, na mwalimu akaniuliza mbele ya darasa kwa nini sijui hesabu ambazo wenzangu walifundishwa nikiwa na jembe. Malengelenge ya kwanza yanapasuka, ya pili yanaota chini yake, na mpini unaingia pale pale. Palizi haina mwisho unaouona. Unainua kichwa, mstari uko vile vile. Unainamisha kichwa. Nilikuwa na miaka 9, na usiku nililala nikiona magugu. Wazazi wangu hawakuwa wakatili, hawakuwa na mikono mingine. Lakini mtoto aliyechoka amechoka, hata kama anayempa kazi anampenda. Niliondoka nikiwa na miaka 15, na wanangu sijawahi kuwapeleka.

Kuna kitu kimoja tu ninachokikosa. Baada ya kiangazi kirefu, udongo umepasuka, mvua ya kwanza inapiga, na ile harufu inapanda. Ikitufikia kabla ya mvua yenyewe, baba alitupa jembe chini na sisi tuliruhusiwa kukimbia. Ndiyo saa pekee niliyomwona baba akikimbia.

Miaka ya karibuni nimesoma kuhusu harufu hiyo. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliandika kwamba inatokana na mafuta ya mimea yanayojikusanya kwenye udongo na mawe wakati wa ukavu, wakaipa jina petrikori. Nyingine inatokana na jeosmini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni. Tone la mvua likianguka kwenye udongo mkavu hunasa vipovu vya hewa, vikipasuka vinarusha harufu juu, na upepo unaibeba mbele ya mvua. Pua ya mtu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Nilisoma haya ofisini, nikatoka nikaenda kusimama nje ingawa palikuwa pakavu.

---

Mjukuu wa Zizini anajibu:

Niliondoka Mapema, asante. Hili nalo nitamsomea, lote, na hasa la malengelenge. Sitaki adhani ilikuwa kuimba tu. Mama Vifaranga, ameshauliza vile tisa vilikuwa rangi gani.

Mkamuaji, uliuliza kama kuna kitu kilimtisha. Nimelala nalo siku mbili.

Jioni ile ya kwanza nilikuwa nimevuta chuchu kwa muda mrefu na mikono inauma, na giza linaingia. Madoa akarusha mguu, hakunipiga mimi, akapiga ndoo. Kile kidogo nilichokuwa nimepata kikamwagika nusu. Nikasimama, nikashika kigoda, nikampiga nacho ubavuni. Mara mbili. Ya pili kwa nguvu zangu zote. Alijirusha akagonga ukuta, akaanza kutetemeka ngozi, ile ya begani, kama wanavyofanya inzi akitua. Kisha nikakaa juu ya kigoda kile kile nikaendelea kumkamua.

Sikumwambia mtu. Sikumwambia bibi, sikumwambia mama, mume wangu hajui. Nimesimulia habari ya koti mara nyingi sana maishani, kwa watu wengi, na kila mara nimekiacha kigoda kwenye simulizi bila kusema kilikuwa na kazi gani. Hata hapa juu nilipowaandikia.

Bibi alijua. Nadhani aliona alama kwenye manyoya, au alimwona Madoa anavyokitazama nilipoingia nacho. Alisimama mlangoni, akatazama ubavu, akatazama kigoda, akanitazama mimi. Ndipo akaleta koti. Kigoda sikukiona tena bandani wala jikoni. Mkono wake ulipopona na akarudi kukamua mwenyewe, naye alikalia ndoo iliyopinduliwa, mpaka mwisho, ingawa magoti yalimuuma na ndoo ilikuwa fupi.

Binti yangu bado anasubiri jibu la "alijuaje". Leo usiku nitaanza na kigoda.